Mvua Niliyoinyesha Jangwani

Chiku mwanangu,

Mmetoka na mama yako saa nne asubuhi kwenda Silver Spring kusuka, na msusi kasema kazi yenyewe itafika jioni. Nimebaki peke yangu na mabegi yako matano hapa sebuleni. Kesho asubuhi wewe na rafiki yako Makena mnapakia gari na kuanza safari ya siku nne kwenda New Mexico, chuoni kwenu, ambako unakwenda kusomea maji yaliyo chini ya jangwa. Nimeketi mezani jikoni na kalamu. Ningeweza kuyasema haya kwa mdomo, lakini unanijua, nikifungua mdomo naanza kuhutubia, na wewe ukihutubiwa unatafuta simu yako.

Mambo ya koti la baridi, dawa za mafua, kufunga milango ya gari na kutokula chipsi kila siku sitayagusa. Mama yako ameyaandika kurasa tatu, kayapanga kwa nambari kama ripoti ya wodini kwake hospitali, na ole wako usipoyasoma. Mimi nataka kukuandikia juu ya ile mvua. Tumeishi nayo miaka minane, tumeitania mezani, tumeicheka, lakini hatujawahi kuizungumza sawasawa. Sitaki uondoke hapa Lanham ukidhani baba yako hajui alichokufanyia.

Nianze mbali kidogo, maana mengine yalitokea hujazaliwa. Unajua kwamba nilikuwa mwalimu wa historia sekondari kule Dodoma. Nilipokuja huku yalinipata yanayowapata wengi: vyeti vikalala kwenye bahasha, nikavaa glavu, nikaanza kutunza wazee. Nimeipenda kazi hii kuliko nilivyotarajia. Lakini mchana, wazee wakilala, nilikuwa nakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda na falme zote zile kichwani na sina hata mwanafunzi mmoja wa kumpa. Ndipo nikanunua daftari nikaanza kumwandika Mfalme Sebaro.

Sebaro nilimtunga mwenyewe, lakini nchi yake ilikuwapo kweli. Ni Kushi ya kale, kule Mto Naili unapojikunja kama mkono uliokunjwa kiwikoni, wafalme wake wakijenga piramidi zao nyembamba zenye ncha kali. Katika hadithi yangu jemadari wake mmoja, Hori, anaasi na kuuteka mji wa kaskazini. Hori anajua mfalme lazima aje kwa kuufuata mto, kwa hiyo anaweka mashua na wapiga mishale kila pembe ya maji. Sebaro anaamua kukata jangwa moja kwa moja, siku kumi na mbili, atokee nyuma ya ngome mahali ambapo hakuna hata mlinzi mmoja. Niliona nimetunga jambo kubwa. Nilikuwa na panga, ngoma, bendera, na hotuba ya mfalme ya kurasa nne ambayo mpaka leo naionea fahari, ingawa wewe uliifuta yote.

Kila Jumamosi, watoto mkimaliza darasa la Kiswahili kwenye ukumbi ule wa chini kanisani, wazazi walibaki kunywa chai na mimi nikawasomea sura moja. Walikuwapo Watanzania, Wakenya, Wakongo, Waislamu na Wakristo, waliotoka kazini na wanaokwenda kazini. Mbele kabisa alikaa Papa Kasongo, aliyekuwa mwalimu mkuu kule Lubumbashi na sasa analinda jengo la maegesho Silver Spring. Yeye alikuwa haridhiki mpaka damu imwagike. Nami nilimpa damu aliyotaka, kwa sababu kwa ile saa moja ya Jumamosi nilikuwa mwalimu tena, na wiki nzima niliingoja saa hiyo.

Ulikuwa na miaka kumi siku uliyonyoosha mkono. Nilikuwa nimemaliza sura ya jeshi kuingia jangwani, watu elfu mbili, vumbi, nyimbo. Ukauliza kwa Kiingereza chako, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

"Baba, siku kumi na mbili hizo, wanakunywa nini?"

Watu wakacheka. Najua sasa kwamba walicheka kwa kukupenda. Siku ile nilisikia wananicheka mimi. Nikatafuta jibu, sikulipata, na mtu asiye na jibu mbele ya watu ana njia mbili tu, akiri au akaripie, nami nikachukua ile ya pili. Nikakuambia watoto hawaingilii mazungumzo ya wakubwa, nenda jikoni ukawasaidie akina mama na vikombe. Ukaenda. Niliuona mgongo wako ukipita mlangoni, na nikaendelea kusoma kana kwamba hakuna lililotokea.

Nyumbani nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Mwanangu, walikuwa wamekufa wote. Kufika siku ya tano hakuna aliyesimama, si mfalme, si mpiga ngoma. Elfu mbili nzima nilikuwa nimewaua kwa kiu huku wakiimba, na katika ukumbi uliojaa watu wazima, walimu wawili ndani yake, ni mtoto wa darasa la tano peke yake aliyegundua.

Na anayewaua kwa kiu ni nani? Mimi, mtoto wa Kondoa. Nilibeba ndoo kabla sijabeba daftari. Kiangazi tulikuwa tunatoka na mama kwenda kwenye korongo lililokauka, tunachimba mchanga kwa mikono mpaka bega linaingia, halafu tunakaa kungoja maji yajikusanye, kata moja, kata nyingine, na ng'ombe wa watu wanatupumulia kisogoni. Mtoto akimwaga alikuwa hapigwi, alikuwa hatazamwi, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mtu aliyekulia hivyo ndiye aliyeandika jeshi linavuka jangwa na akasahau maji. Nilikuwa nimeishi Maryland miaka kumi na miwili. Nilikuwa nafungua bomba natazama pembeni.

Hapo ndipo ningekuita nikakuambia umepatia. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake nikakaa wiki nzima nikaandika mvua.

Ninakiri ilikuwa mvua nzuri. Mawingu yalikuja kutoka kusini kama kundi la nyati, mfalme akainua mikono, askari wakavua ngao wakazigeuza zikawa mabakuli. Jumamosi iliyofuata nilipoisoma watu walipiga makofi, na Papa Kasongo akafuta machozi kwa leso. Wewe ulikuwa umesimama nyuma kabisa, karibu na makoti. Nilikutazama nikitaka kuona kama nimeshinda. Hukuwa umekasirika. Ulinionea aibu, Chiku, na uso ule ninao mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata ulisema una kazi ya shule. Iliyofuata, mpira wa kikapu. Kisha hukuhitaji tena kutoa sababu. Na Kiswahili nacho ukakiacha kabisa. Ulikuwa unanielewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza, kisha hata kunijibu ukaacha, ukawa unatikisa kichwa. Nililaumu shule. Nililaumu simu. Nikailaumu Marekani nzima, na kwenye chai watu wakaniunga mkono, watoto wa huku ndivyo walivyo. Ni mama yako aliyenikatiza, akiwa anavua viatu vya kazi pale mlangoni, amechoka, hana muda wa kunibembeleza.

"Wacha nikuambie ukweli, Baba Chiku. Huyu mtoto hajawacha Kiswahili. Amekuwacha wewe."

Nilitoka nje nikaosha gari katika baridi ile mpaka vidole vikafa ganzi. Ilinichukua muda mrefu kukubali, na hapa ndipo nataka ukae kidogo na mimi, kwa sababu hili sijakuambia. Mvua ile haikuwa ya kwanza. Nimekuwa mtu wa kunyesha mvua maisha yangu yote. Kila nilipokwama mbele ya watu nilileta wingu. Bibi yako, mama yangu mzazi, kwa miaka yote hiyo nilimwambia nafundisha chuo. Alikuwa akiniuliza wanafunzi wangu hawajambo, nami namjibu hawajambo, nikiwa nimeshika kitambaa cha kumfutia mzee mate. Ilikuwa kazi ya heshima, na niliificha kama ya wizi. Sasa niambie, ningemwandikaje mfalme anayekosea, wakati mimi mwenyewe nilikuwa sijakosea hata siku moja?

Miaka minne ilipita hivyo. Nilimaliza daftari la sita, na hadithi ilikuwa imekufa mkononi. Sebaro alishinda kila vita na hapakuwa na mtu aliyemwogopea. Watu waliendelea kuja kwenye chai, lakini niliwaona wanatazama saa.

Kisha ikaja ile Jumapili ya kiangazi, una miaka kumi na minne. Nilikuwa hapa hapa mezani namenya viazi. Ukaingia na daftari na simu, ukavuta kiti, ukasema kwa Kiswahili, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sana.

"Toa mvua, Baba. Si fair kwa wale askari."

Nilisita na kisu mkononi. Nilitaka kukukumbatia, nikaogopa ukikumbatiwa utanyamaza tena. Nikauliza tu, nikiitoa niweke nini.

"Bibi amesema mlikuwa mnazika mtungi."

Ulikuwa umempigia Bibi yako kwa video, bila kuniambia, kwa Kiswahili chako cha kuokoteza, kumwuliza watu wa zamani walitembeaje mbali wakati wa ukame. Naye akakueleza lile shamba letu la mbali, mwendo wa nusu siku, na jinsi katikati ya njia wanawake walivyouzika mtungi mpaka shingoni ili usipate jua, wakaufunika kwa jiwe bapa. Anayekwenda anakunywa. Atakayepita baadaye na maji anajaza na kufunika. Hakuna aliyeulinda, na kiangazi chote mtungi haukuwahi kukutwa mkavu. Nililijua jiwe lile, Chiku. Nimelikalia. Nilikuwa nimetafuta silaha za mfalme kwenye vitabu vyote vya maktaba, na silaha yenyewe ilikuwa chini ya makalio yangu tangu nina miaka sita.

Katika mazungumzo yale yale ukamwambia Bibi, bila hila yoyote, kwamba baba anaogesha wazee. Ukanisimulia alivyojibu kana kwamba ni jambo dogo. Alisema ni kazi nzuri, mbona hakuniambia, ningekuwa namwombea vizuri zaidi. Viazi havikumalizika kumenywa siku ile. Nililia mbele yako na wewe ukanitengenezea chai yenye maziwa mengi mno.

Sijawahi kuwa na kiangazi kitamu kama kile. Ukawa mkuu wa ugavi na mimi ndiye jeshi. Unakumbuka tulivyotembea kutoka hapa hadi ziwa la Greenbelt, jua la Julai linachoma, mimi na chupa moja iliyopimwa, wewe na saa na daftari, tujue mtu mmoja anahitaji nini? Chupa yangu iliisha kabla hata ziwa halijaonekana. Nikakaa ukingoni mwa barabara karibu na kituo cha mafuta, nikisema napumzika kidogo. Hukunicheka. Ulitazama saa, ukaandika kwenye daftari kwamba askari mmoja amekufa, ukanipa chupa yako.

Ngamia wangu wote ukawafukuza, ukanionyesha kwamba enzi zile kule Kushi walikuwa bado hawajazoeleka, kazi ilikuwa ya punda. Kisha punda nao wakatutesa, kwa sababu punda anayebeba maji anayanywa pia, na kadiri anavyokwenda mbali ndivyo anavyofika na machache. Wiki mbili tulikwama hapo. Tulipanga maharage kwenye meza hii, harage moja mtungi mmoja, na mama yako akaja akayachukua akapika. Mwishowe ukaona kwamba kituo cha mbali kinajazwa na kituo cha karibu, na cha karibu kinajazwa kutoka mtoni, kwenda na kurudi, miezi na miezi. Vita ya siku moja ilihitaji mwaka mzima wa watu wasio na upanga. Wafinyanzi wa nchi nzima wakafinyanga mitungi mpaka majasusi wa Hori wakampelekea habari kwamba mfalme anajiandaa kwa harusi kubwa, pombe imeagizwa ya kuogelea, na Hori akacheka akawapunguza walinzi. Hilo la harusi nililitunga mimi, nakuomba usilidai.

Lakini kulikuwa na sura moja iliyonishinda. Ulisema Sebaro lazima kwanza aingie jangwani kijinga, kama nilivyomwingiza mwanzoni, arudi siku ya nne akiwa amepoteza watu. Nikaandika. Kisha ukasema ni lazima awaombe radhi wajane waziwazi, la sivyo hakuna atakayemfuata mara ya pili. Hapo nikagoma. Nikakuambia wafalme wa kale hawakuomba radhi. Ukaniuliza kwa upole nimejuaje, nikafunga daftari. Sura ile ilikaa tupu karibu miaka mitatu. Niliandika kila kitu kilichoitangulia na kila kitu kilichoifuata, na pale katikati paliachwa wazi kama jino lililong'oka.

Nilikuja kuiandika kwenye chumba cha mzee mmoja wa Laurel niliyekuwa namtunza. Alikuwa na mtoto ambaye hawakusemezana tangu sijui lini. Kila siku aliniambia kesho atampigia, na kila siku nilimletea simu akasema ngoja kidogo. Siku moja alilala na hakuamka, na simu ilikuwa pale pale nilipoiweka. Jioni ile ile nikamvua Sebaro taji, nikaliweka mchangani, nikamkalisha chini kuliko wajane, akasema: nilisahau maji, na aliyenikumbusha nilimfukuza. Nikaandika bila kufuta neno. Sina cha kukushauri juu ya hili zaidi ya kukuambia kwamba sentensi hiyo ilikuwa nyepesi sana ilipotoka, na niliibeba miaka saba.

Halafu nikajua kwamba kuandika hakutoshi. Kosa nililifanya mbele ya watu.

Kwa hiyo mwezi uliopita, vitabu vilipotoka kiwandani na tukaviweka kwenye meza ya chai, jalada la bluu lile mlilolichagua wewe na mama yako, nilisimama pale pale niliposimama miaka minane iliyopita. Wewe ulidhani nitasoma. Niliwaambia watu kwamba mvua waliyoipigia makofi ilikuwa uongo. Niliwaambia binti yangu aliuliza swali la kweli nikamfukuza jikoni ili nisionekane mjinga, na kwamba jikoni kule ndiko kitabu kilikokwenda kikakaa miaka minne. Nikakuomba radhi kwa jina lako. Kisha nikakuomba uje mbele usome ile sura ya kuvuka.

Ulisoma kwa Kiswahili, kurasa kumi na nne, kwa lafudhi yako ya Maryland inayoteleza kwenye kila herufi, na hakukuwa na mtu aliyetaka isomwe kwa nyingine. Kituo cha kwanza, jiwe linainuliwa, mtungi umejaa. Kituo cha pili. Ulipofika cha saba, mtungi wa kwanza umepasuka na wa pili nao umepasuka, nilimsikia mama mmoja anasema Mungu wangu. Papa Kasongo alikuwa ameshika kiti chake kwa mikono miwili, hakukiachia mpaka uliposoma kwamba mitungi iliyobaki ni mizima. Siku ya kumi na mbili jeshi linapanda kilima, ngome iko chini yao, mgongo wazi, na Sebaro anaamuru kwanza watu wahesabiwe. Ukageuza ukurasa. Ukasoma: hakupungua hata mmoja.

Nimeishi miaka mingi, Chiku, nimepata mtoto, nimepata uraia, na sijawahi kusikia kelele kama zile. Vigelegele vilianzia kwa akina mama wa jikoni, nao walikuwa wametoka na vikombe mkononi, vikashika ukumbi wote. Mama yako alikuwa amepanda juu ya kiti na viatu vyake vya wodini. Hori alifungua lango bila hata mshale mmoja kurushwa, na watu hawakusikia hata sentensi moja ya sehemu hiyo kwa makofi. Papa Kasongo akaja akanishika mkono akautikisa mpaka bega likauma.

"Sasa njo nimeona vita, mwalimu. Ile ya mvua ilikuwa sinema."

Tulishinda. Nataka uondoke nalo hilo. Lolote litakalokukuta huko, ulikwisha kuvusha watu elfu mbili jangwani ukiwa bado hujafika chuo, na hakuna aliyekufa.

Nilidhani yameishia hapo. Tunarudi nyumbani, tumeingia barabara kuu ya mzunguko, mama yako anaimba nyuma, ukaniuliza taratibu.

"Na kurudi je, Baba? Walirudi wakinywa nini?"

Kitabu kilikuwa kimekwisha kuchapishwa. Maboksi yote yalikuwa kwenye buti la gari. Tulikuwa tumezika mitungi ya kwenda, na wote wawili, kwa akili zetu zote na maharage yetu yote, hatukuzika hata mmoja wa kurudi. Mama yako alicheka mpaka akakohoa. Mimi niliendelea kutazama barabara, na mkadhani nimeudhika kwa ajili ya kitabu.

Sikuwa nimeudhika. Nilikuwa nimeona kwa nini sikulifikiria. Miaka ishirini nipo huku, karatasi zangu ni safi, na sijarudi Kondoa hata mara moja. Kila mwaka nilisema mwakani. Mwanzo niliona haya kwa ule uongo wa chuo, na uongo ulipokwisha nikaona haya kwa kuchelewa kwangu. Niliondoka nyumbani nikiwa na maji ya kwenda tu. Mtu wa namna hiyo hata akitunga jeshi, halina njia ya kurudi.

Sasa basi, juu ya safari yako. Uliposema mtakwenda kwa gari siku nne, nilikataa wiki mbili nzima, nikapandisha sauti, nikakuambia mambo ya usalama ambayo sikuyaamini hata mwenyewe. Nilichokiogopa ni nchi kubwa vile na wewe huna mtu hata mmoja njiani. Siku moja nikiwa kazini nikajiuliza, kwa nini hana? Nikachukua simu.

Mimi, ambaye sijawahi kumwomba mtu hata kunisaidia kubeba kochi, nimewapigia watu simu wiki tatu. Papa Kasongo ana mpwa wake, Mama Furaha, yuko Knoxville; kesho mtalala kwake, na amekwisha kuuliza kama mnakula sombe, kisamvu cha kwao. Jumatatu mtakuwa Little Rock kwa Nyambura, aliyefanya kazi wodi moja na mama yako. Baada ya hapo sikuwa na mtu, nikauliza aliyemjua mtu anayemjua mtu, mpaka nikampata Mzee Shabani wa Oklahoma City, Mtanzania, ambaye hatujaonana. Zamani ningemwambia mimi ni mhadhiri. Nilimwambia mimi natunza wazee, wewe hunijui, binti yangu atapita kwako Jumanne na mwenzake, ninaomba mahali pa kulala na maji ya moto. Akauliza tu mtoto anapenda kula nini.

Majina yao na namba zao ziko kwenye bahasha hii. Ukifika, usiwanyeshee mvua. Ukiwa umechoka sema umechoka, ukiwa umepotea sema umepotea, ukishindwa na hesabu huko chuoni nipigie ulie, mimi si mfalme wa kurasa zile za zamani. Na siku moja utakuwa na nyumba, na mtoto wa mtu usiyemjua atapita. Bibi yako alikwambia inavyokuwa kwa mtungi.

Yeye nilimpigia jana. Nilimwambia Desemba, ukifunga chuo, tunakwenda wote watatu na kitabu mkononi. Hakusema lolote juu ya miaka ishirini. Alisema siku hizi kuna bomba uani, ila jiwe lile bado lipo palepale, atamwonyesha Chiku.

Nasikia gari linaingia. Mmerudi, na kichwa chako kitakuwa kinauma. Nimalizie moja tu, maana jeshi la kwenye kitabu siwezi tena kulirudisha, lakini wewe naweza. Mama Furaha, Nyambura na Mzee Shabani, wote watatu nimewaambia utapita mara mbili.

Baba yako